Mke wa Kwenye Kompyuta

"Mama, wewe humo," karani alisema, macho yake yakiwa bado kwenye kompyuta.

"Simo wapi?"

"Kwenye mfumo. Mke wa mgonjwa yumo, na simu yake imo. Ila si wewe."

Mama Pacha akacheka. Hakuona la kuchekesha. Kicheko kilimtoka tu kama chafya. Jana yake mumewe alikuwa ameanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akipaka rangi ukuta wa ghorofa. Wenzake walimbeba mzegamzega hadi hospitali, akapasuliwa kichwa, akapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi. Tangu hapo mkewe alikuwa ameulizwa kila kitu: kama mgonjwa anavuta sigara, kama alikuwa amekula, kama kuna dawa zinazomdhuru. Swali la kama yeye ni mke hakuna aliyelitoa. Nani mwingine angelia vile kwenye korido ya watu?

"Mwanangu, hebu tazama tena," akamwambia karani, msichana mwenye kucha ndefu zilizodonoa vitufe kama kuku kwenye mtama. "Huyo ni mume wangu wa ndoa. Tuna watoto pacha, wako darasa la nne. Muulize huyu hapa, ndugu yake wa tumbo moja."

Ndugu wa tumbo moja alikuwa fundi magari ambaye mtaa mzima ulimwita Spana. Alikuwa ametoka gereji moja kwa moja, mikono imejaa grisi, na kila alipotaka kujipangusa uso alikumbuka na kuishusha.

"Ni kweli, dada," Spana akasema. "Huyu ni shemeji yangu. Kwenye harusi yao mimi ndiye niliyeshika pete."

"Sikatai, kaka. Lakini tangu tuache mafaili ya karatasi, anayeingia humo ndani ni yule tu aliyeandikishwa, tena mmoja mmoja. Nimeshampigia huyo aliyeandikishwa. Yuko njiani anakuja."

"Nani yuko njiani?"

Karani alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mke wake," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

Watu waliokaa kwenye benchi wakaacha mazungumzo yao. Bibi mmoja akasogeza mkoba wake ili Mama Pacha apate pa kukaa. Mama Pacha akabaki amesimama. Kukaa kungekuwa kukubali.

Mlango wa wagonjwa mahututi ulifunguka, akatoka daktari kijana akisukuma kompyuta juu ya meza ndogo yenye magurudumu. Mama Pacha akamwendea kabla mlinzi hajawahi kumzuia.

"Daktari, mimi ni mke wa fundi rangi, yule aliyeanguka. Anaendeleaje?"

"Upasuaji ulikwenda vizuri," daktari akasema. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Damu iliyokuwa inakandamiza ubongo tumeitoa. Sasa kinachotusumbua ni sukari yake. Asubuhi ilikuwa juu. Kwa nini hamkusema mapema kwamba ana kisukari?"

"Nani ana kisukari?"

"Mume wako."

"Daktari, mume wangu hana kisukari."

Daktari alishusha pumzi, akageuza kioo cha kompyuta upande wa Mama Pacha. "Ona mwenyewe. Amekuwa akihudhuria kliniki yetu kwa miaka. Anaandikiwa dawa, mara anachukua, mara hachukui."

Mama Pacha akasoma. Majina matatu ya mumewe yalikuwapo, yamepangwa kama alivyoyazoea, la kwake, la baba, la babu. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa wake. Tarehe ilikuwa ile mosi ya Januari wanayopewa wote ambao wazazi wao hawakumbuki walizaliwa lini. Chini yake kulikuwa na mistari na mistari ya vipimo asivyovijua. Alitaka kusema huyu si yeye, lakini angesemaje, na jina ni hilo hilo?

"Wanaume wengine huficha, mama," daktari akasema kwa upole. "Si wewe wa kwanza." Upole ule ulimuuma kuliko kama angemfokea.

Daktari akaenda zake na kompyuta yake, gurudumu moja likilia. Mama Pacha akabaki anahesabu mambo ambayo hajawahi kuyahesabu. Ni kweli mumewe alikuwa akirudi kutoka kazini ana kiu ya ngamia. Alikuwa akiamka usiku kwenda msalani. Alikuwa amepungua; Mama Pacha mwenyewe, kwa cherehani yake, alikuwa amembania suruali mbili kiunoni. Mambo haya yote jana yalikuwa ya mtu anayefanya kazi ngumu juani. Leo yalikuwa na jina jingine. Shaka ni kunguni: ukishamwona mmoja, kitanda kizima kinaanza kuwasha.

Akampigia simu mama mkwe wake, aliyekuwa amebaki nyumbani na wajukuu.

"Mama, mwanao ana ugonjwa wa sukari?"

"Nani kasema?"

"Kompyuta ya hospitali."

"Hiyo kompyuta ndiyo iliyomzaa?"

Mama Pacha nusura acheke tena. Akageukia ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja. "Mama, nikuulize jambo. Ana mke mwingine?"

Kwa mbali alisikia pacha wakigombania kitu, na bibi yao akikohoa kikohozi ambacho hakikuwa na mafua ndani yake.

"Kwangu hakumleta," mama mkwe akajibu hatimaye.

Mama Pacha aliishusha simu na kuitazama. Hilo nalo lilikuwa jibu gani?

*

Yule mwingine alifika kabla ya mchana. Alikuwa msusi, bado alikuwa amevaa aproni yenye mifuko, na vitana vilichungulia mfukoni kama vifaranga. Harufu ya mafuta ya nywele ilimtangulia. Alifika dirishani akihema, akataja majina matatu, kisha namba ya simu.

"Karibu, mama," karani akasema. "Pole sana. Pita."

Karibu! Mama Pacha alikuwa hapo tangu asubuhi na hakuna aliyemkaribisha. Alitaka kumzuia yule mwanamke, kumshika hata aproni, lakini mlango ulikuwa umeshamfungukia. Spana alikuwa ameinamisha kichwa, anachokonoa grisi kwenye kucha.

"Shemeji," Mama Pacha akamwambia kwa sauti ya chini, "unamjua huyu?"

"Simjui."

"Apa."

"Wallahi simjui. Lakini kaka akienda kupaka nyumba miji ya mbali, analala hukohuko kwenye majengo hadi kazi iishe. Mimi sipo. Nitajuaje?"

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa kusema ukweli hata pale ambapo uongo ungekuwa sadaka.

Msusi alitoka akilia. "Wamemfunga kichwa chote," alikuwa akisema peke yake. "Uso umevimba, mdomoni bomba. Hata simtambui, mume wangu, hata simtambui."

"Mume wako tangu lini?" Mama Pacha akauliza.

Msusi akainua uso. Akamtazama Mama Pacha kuanzia kitambaa cha kichwani hadi ndala za miguuni, taratibu, na machozi yakamkauka palepale.

"Ahaa," akasema. "Kumbe ni wewe."

"Mimi nani?"

"Wewe wa safarini. Kila mara niko safari, niko safari, simu haipatikani. Nilijua tu kuna mtu. Nikawa najiambia, ipo siku tutakutana. Na kweli tumekutana, hospitalini!"

"Mimi ndiye wa nyumbani! Wewe ndiye wa huko anakosafiri!"

"Nyumbani kwa nani? Mwanamume yule nimemvua viatu kwa miaka kumi na miwili!"

"Na mimi nimemzalia pacha!"

Benchi zima liligeuka. Mlinzi alikuja mbio na kusimama katikati yao kama mtu anayeamua ugomvi wa kisimani. "Kina mama, mkiendelea nawatoa wote wawili. Hapa watu wanakufa."

Wakati huohuo muuguzi wa zamu alichungulia mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. "Nani hapa ni mke wa fundi?" akauliza, kisha akaona nyuso zile mbili na kuelewa, au kudhani ameelewa. "Nina swali moja tu. Huyu mgonjwa, ya sukari anatumia vidonge au anachoma sindano?"

"Sindano," msusi akasema upesi. "Kila siku. Namchoma mwenyewe akiwa nyumbani."

Muuguzi akamgeukia Mama Pacha. Alikuwa amesikia mabishano yake na daktari, na kuna kitu kilikuwa kinamkereketa. "Na wewe mama asubuhi ulisema hana. Bado unasema hana?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mama Pacha alikuwa na la kusema: kwamba analala na mwanamume yule, kwamba hajawahi kuona sindano, chupa wala alama ya kuchomwa mwilini mwake. Lakini mbele yake alisimama mwanamke anayejua hata namna ya kumchoma. Hasira ilimtangulia kusema.

"Kwani mimi nani? Muulizeni mke wake anayemjua."

Muuguzi alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudisha neno. Neno halikurudi. Mlango ukafungwa.

*

Mama Pacha alitoka nje. Alipita kwenye ua wa hospitali, pale mashuka yanapoanikwa, akafika karibu na geti. Kichwani alikuwa akikusanya nguo za mumewe: mashati haya ampelekee nani, viatu vile vya kutokea alinunuliwa na nani? Safari ya mwisho alirudi na shati jipya la mistari, akasema tajiri wa jengo aliwagawia. Mbona yeye fundi nguo hakuuliza tajiri gani anagawia vibarua mashati ya kukata na shoka?

Spana alimfuata, akasimama kando yake kama gari lililozimika.

"Shemeji, usiondoke."

"Nibaki nifanye nini? Kumfagilia mwenzangu njia?"

"Hata kama kakosa, akiamka atamtafuta nani?"

"Atamtafuta aliye kwenye kompyuta."

Walisimama hivyo wakitazama gari la wagonjwa likirudi nyuma, likipiga king'ora kifupi ili watu wapishe. Mama Pacha alikuwa amekwisha kuufunga mtandio kiunoni, tayari kwa safari ya nyumbani, aliposikia viatu vinakuja kwa kasi juu ya changarawe.

"Dada! Wee dada! Mama Pacha!"

Alikuwa msusi. Alikuwa anakimbia na kulia na kucheka, vyote kwa pamoja, na kitana kimoja kikamdondoka asikiokote.

"Si wangu!" akasema, akamshika mabega. "Dada, si wangu, ni wako!"

Mama Pacha alimtazama tu. Maneno aliyasikia moja moja, hayakuungana.

"Vidole!" msusi akasema. "Walinipa beseni nimpanguse miguu. Nikafunua shuka. Ana vidole vyote kumi! Wangu alikatwa kidole gumba cha mguu, sukari ilikila, alikatiwa hospitali ya mbali akiwa safarini na lori lake. Mume wangu ni dereva wa malori, dada! Ndiyo kwanza wananiambia huyu alianguka akipaka rangi; wangu hajawahi kupaka hata mlango wetu!" Kisha akashika mdomo, maana aliona furaha yake imemwangukia nani. "Ooh, nisamehe. Nisamehe, mwenzangu. Twende, twende haraka, amebadilika."

"Amebadilika vipi?"

"Anatetemeka. Wamemwekea ile dawa ya sukari."

Yaliyotokea ndani Mama Pacha alikuja kusimuliwa baadaye, kidogo kidogo, na kila msimuliaji alikuwa na mwanzo wake. Dawa ya kushusha sukari ilikuwa imefunguliwa kwenye dripu kwa kufuata kumbukumbu za dereva wa lori. Sukari ya asubuhi ilikuwa imepanda kwa sababu ya maumivu na upasuaji tu, kama inavyoweza kumpanda mtu yeyote. Halafu mtandao ukakatika, na kioo kando ya kitanda kikaendelea kuonyesha kipimo cha asubuhi, kimetulia kama saa iliyosimama. Aliyetazama kioo aliona sukari iko juu. Msusi aliposema habari ya vidole, muuguzi wa miwani hakutazama kioo tena. Alimtoboa mgonjwa kidole, akapima kwa kile kipimo kidogo cha mkononi, akafunga dawa na kupiga kelele aletewe glukosi.

Mama Pacha alipofika mlangoni, mlinzi alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaushusha. Hakuna aliyeuliza kama yumo kwenye mfumo. Aliona miguu ya mumewe kwanza, shuka likiwa bado limefunuliwa, ikitikisika kama ya mtu anayekimbia usingizini. Kwenye ukucha mmoja kulikuwa na tone la rangi ya maziwa iliyokauka. Watu watatu walikuwa wamemwinamia kichwani. Akaishika ile miguu, maana ndiyo iliyobaki bila mtu, na akaendelea kuishika hadi ilipotulia. Hakujua imetulia kwa heri au kwa shari. Ilibidi muuguzi amguse begani amwambie.

"Imepanda, mama. Sukari imerudi. Yupo."

*

Waliitwa ofisini, Mama Pacha na Spana. Msimamizi wa wodi alikaa upande mmoja, daktari kijana upande mwingine, na kati yao fundi wa kompyuta akiwa na kompyuta yake mapajani.

"Kumetokea mwingiliano wa taarifa," msimamizi akasema.

"Mwingiliano ndiye nani?" Spana akauliza. "Yupo zamu? Tunataka kumwona."

Hakuwa anatania. Daktari akainama, akasugua macho. "Ni sisi," akasema. "Waliomleta walitaja majina, mapokezi wakayatafuta, yakaonekana, wakabonyeza. Hakuna aliyeuliza zaidi. Na mimi nilikuonyesha kioo, mama, badala ya kukusikiliza. Pole."

Mama Pacha alitaka kumkasirikia, na alikuwa na haki. Lakini kila alipoanza, alijisikia mwenyewe akisema muulizeni mke wake. Muuguzi wa miwani alikuwa amesimama mlangoni, na wala hakulitaja neno lile, si siku hiyo wala baadaye.

Fundi wa kompyuta alianza kutenganisha watu wawili. Alisoma kwa sauti: kliniki ya sukari, ya dereva. Sindano, za dereva. Mke, msusi, wa dereva. Simu ya dereva mwenyewe ilikuwa imepatikana. Yuko hai, gari lilimharibikia porini, na mkewe alikuwa amemtukana na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja. Mama Pacha alisikiliza kama mtu anayerudishiwa vyombo vyake vilivyoibwa, kimoja kimoja.

"Kliniki ya macho, mwaka jana," fundi akasoma.

"Hiyo nayo mpeni dereva," Mama Pacha akasema.

Fundi alisita. "Hii si ya dereva, mama. Kazi imeandikwa fundi rangi. Na simu hii hapa ni ya nani?"

Akaisoma namba. Ilikuwa ya mumewe. Tangu mwaka jana mambo ya watu wawili yalikuwa yakitupwa kwenye kapu moja, kumbe, na hakuna aliyegundua.

"Soma yote," akasema.

Daktari ndiye aliyesoma, kwa sauti ndogo. Jicho la kushoto lilikuwa karibu limekufa. Mgonjwa ameelezwa kwamba halitarudi. Ameshauriwa asifanye kazi za kupanda juu.

Mama Pacha aliinuka, akatoka. Ameolewa na mwanamume mmoja tu, hilo lilikuwa limethibitishwa. Ila sasa hakuwa na uhakika ni yupi.

*

Mumewe aliamka polepole, kama mtu anayepanda kutoka kisimani. Walimhamishia wodi ya kawaida. Maneno yalimrudia yakiwa yamechanganyika. Aliomba kijiko akitaka maji, na pacha aliwaita kwa jina moja, jambo ambalo wao waliliona mchezo mtamu. Daktari alisema mengine yatarudi, mengine pengine hapana, na haikujulikana yapi ni ya kuanguka na yapi ni ya sukari. Msusi alikuja kumwona mara mbili. Mara ya pili alimleta dereva wake, akichechemea, na wanaume wale wawili wa jina moja wakapeana mkono.

Walipoondoka, Mama Pacha alivuta kigoda, akakaa upande wa kushoto wa kitanda.

"Jicho lako," akasema.

Mumewe alilifunika kwa kiganja. "Nani kakwambia?"

"Kompyuta."

"Ningekwambia, ungenizuia kupanda."

"Ningekuzuia."

"Ndiyo maana." Alitafuta neno, likampotea, akalipata. "Najua rangi tu. Nikishuka chini, mimi ni nani?"

Mama Pacha alimsimulia siku ile: dirisha la karani, msusi na vitana vyake, ugomvi, mlinzi. Fundi Rangi alicheka hadi akashika kichwa kwa maumivu. "Mke mwingine! Mimi? Hata wewe mmoja unanishinda." Kisha akaona anacheka peke yake. "Uliamini?"

"Niliamini."

"Haya. Mimi nilikuficha, wewe ukaniwazia. Ngoma droo."

"Si droo," Mama Pacha akasema. "Muuguzi aliniuliza kama una sukari. Nilijua huna. Kwa hasira nikasema wamuulize mkeo anayekujua. Ndipo wakakuwekea ile dawa."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakoroma. Fundi Rangi alianza kugeuka, taratibu, akilitumia bega kwa sababu shingo ilikuwa bado inauma, akageuza kichwa chote hadi jicho la kulia likamfikia alipokuwa ameketi.

"Rudia," akasema. "Nilikuwa sikuoni."

Ndipo Mama Pacha alipoinuka, akachukua kigoda chake, akazunguka kitanda na kukaa upande wa pili. Akarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno, akiwa anatazamwa.